UZI: Serikali ikikulipia kodi ya nyumba, pesa zinabaki kwa nani?

Kila mjadala wa ushuru wa nyumba ukipamba moto, kuna mtu huinua mkono na kusema: "Si mngeacha hayo maghorofa, mchukue hizo pesa mtulipie kodi hapa hapa tunapoishi?" Ukumbi unapiga makofi. Mgombea mmoja anasimama na kujibu kwamba huko ni kuwamwagia landilodi pesa za umma. Ukumbi unapiga makofi tena. Kisha mwendesha mjadala anaangalia saa, anaruka kwenye suala la usalama, na swali linabaki limening'inia.

Leo tukae hapo walipopahama. Na kama kawaida ya hapa, hakuna jina la mtu wala la chama.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kwenye uzi huu, "kodi" ni ile unayomlipa landilodi. Ile ya KRA nitaiita "ushuru". La sivyo tutapotezana.

Hali yetu ya sasa: Kenya haina mpango wa kitaifa wa kumlipia mpangaji kodi kwa landilodi binafsi. Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi KSh 2,000 kwa mwezi, lakini hizo ni za unga, dawa, nauli ya zahanati, na kodi kama kuna kitu kimebaki. Ushuru wa nyumba nao ni 1.5% ya mshahara kabla ya makato, na mwajiri anaongeza 1.5%. Mwenye mshahara wa 40,000 anatoa 600, mwajiri wake 600. Ulianza 2023, Mahakama Kuu ikasema Novemba mwaka huo kwamba namna ulivyotungwa inakiuka Katiba, Bunge likarudi na sheria nyingine Machi 2024. Pesa hizo ni za kujenga. Kodi yako ya mwezi huu haimo.

Sasa angalia nani anakatwa. Kwa sensa ya 2019, zaidi ya kaya 8 kati ya 10 Nairobi zinaishi nyumba za kupanga. Yaani mtu anakatwa leo kwa nyumba ambayo huenda asiipate, na tarehe 5 keateka anabisha mlango. Kwa hiyo yule aliyeinua mkono ukumbini ana haki ya kujibiwa vizuri, asipigwe tu na kauli ya "pesa za landilodi".

Kuna nchi imeijaribu njia hiyo kwa miongo minne. Uingereza. Twende huko kidogo, halafu turudi kwa ploti.

Karibu mwaka 1980, takriban kaya moja kati ya tatu Uingereza ilikuwa inaishi kwenye nyumba za mabaraza ya miji. Serikali ilikuwa imejenga, na kodi ilikuwa nafuu. Kisha mambo matatu yakafuatana. Sheria ya 1980 ikawapa wapangaji haki ya kununua nyumba hizo kwa bei ya chini. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuunganisha misaada ya kodi kuwa mpango mmoja, ukaanza kazi kikamilifu 1983. Na kuanzia Januari 1989, mikataba mipya ya kupanga kwa watu binafsi ikaachiwa soko. Landilodi aseme bei yake.

Watu wakauliza: na asiyeweza kulipa bei ya soko? Waziri mmoja wa nyumba akaliambia Bunge mwaka 1991 kwamba mzigo huo utabebwa na msaada wa kodi. Waingereza hawajawahi kuisahau ile kauli. Mzigo ulibebwa kweli. Leo serikali yao inatumia kama pauni bilioni 30 kwa mwaka kusaidia watu kulipa kodi, ukijumlisha wapangaji wa umma na wa watu binafsi.

Na hapa kuna kichekesho kisichochekesha. Nyingi ya zile nyumba zilizouzwa ziliishia mikononi mwa watu wanaozipangisha. Ndani yake kuna wapangaji wanaolipiwa na serikali. Serikali inalipa kodi ya soko kwa nyumba iliyojenga yenyewe, ikaiuza kwa bei ya kutupa. (Wale wanaofuatilia mpango wetu wa kununua nyumba polepole, wekeni hiyo mfukoni. Nani ataishi ndani ya nyumba hizo miaka 20 ijayo ni swali la leo.)

Tukija kwa mpangaji wa landilodi binafsi, kuanzia Aprili 2008 Uingereza ilibadilisha hesabu. Ukiwa mjini fulani, serikali haiangalii kodi yako pekee. England imegawanywa maeneo 152. Katika kila eneo maafisa wanakusanya kodi ambazo watu wanalipa kwa kweli, wanazipanga kutoka ya chini hadi ya juu kwa idadi ya vyumba, halafu wanachora mstari. Mwanzoni mstari ulikuwa katikati. Mwaka 2011 ukashushwa. Chukua nyumba 100, zipange kwa bei, hesabu kuanzia ya bei ya chini, ukifika ya 30 simama. Hiyo ndiyo kodi ya juu kabisa ambayo serikali itaitambua. Ukikaa nyumba ya bei ya juu zaidi, tofauti ni yako. Kama uko peke yako na hujafika miaka 35, kwa kawaida unahesabiwa kama mtu wa chumba tu ndani ya nyumba ya kushirikiana, hata kama wewe unakaa peke yako.

Kwenye karatasi inaonekana safi. Kuna kikomo, kuna takwimu, kila mtu anaweza kujua kiwango cha eneo lake.

Lakini mstari ukishachorwa, kuna mtu anaweza kuugandisha. Kuanzia 2016 hadi 2020 viwango havikupanda. Korona ilipokuja 2020 vikarudishwa kwenye mstari wa 30. Vikagandishwa tena mpaka Aprili 2024. Vikasogezwa. 2025 vikagandishwa tena. Muda huo wote kodi mtaani haikugandishwa na mtu.

Kugandisha ndiyo njia ya kimya ya kukata msaada. Hakuna mbunge anayesimama kusema "tumewapunguzia". Hakuna kichwa cha habari. Mpangaji anaona tu kwamba mwezi huu anaongeza pauni 40, mwaka ujao 90, na zinatoka kwenye pesa za chakula.

Msidhani hayo ni ya Wazungu. Sisi tuna sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, na baraza lake la kusikiza kesi za wapangaji. Inalinda nyumba ambayo kodi yake haizidi KSh 2,500 kwa mwezi. Niambie ni bedsita gani Nairobi ya 2,500. Sheria haijafutwa. Imeachwa tu na tarakimu yake huku dunia ikienda. Zile 2,000 za Inua Jamii nazo zimekaa 2,000 kwa miaka mingi. Kwa hiyo mgombea akikuahidi msaada wa kodi, kabla hujauliza ni shilingi ngapi, uliza zitapanda kwa kanuni gani, na kama kanuni hiyo iko ndani ya sheria au iko mkononi mwa waziri.

Sasa swali la kichwa cha uzi. Zinabaki kwa nani?

Ufaransa, mtafiti Gabrielle Fack aliangalia mageuzi ya miaka ya 1990 yaliyofanya watu wengi zaidi wapate msaada wa kodi. Utafiti wake uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba kwa kila yuro moja ya msaada, kama senti 78 ziliishia kwenye kodi iliyopanda. Mpangaji alibaki na chenji. Wanaosema "pesa za landilodi" hawajatunga basi.

Lakini Uingereza ilipokata msaada 2011, wengi walitegemea kwamba landilodi watashusha bei, kwa sababu wateja wao wamepungukiwa. Wanauchumi walipofuatilia rekodi wakakuta sehemu kubwa sana ya makato imebebwa na wapangaji. Kodi hazikushuka kivile.

Mpe mpangaji, bei inapanda. Mnyang'anye, bei haishuki. Inaudhi, lakini mtu yeyote aliyewahi kupanga ploti anaielewa bila digrii.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ploti ya vyumba 20, kila chumba 6,000. Serikali inakuja na mpango, wapangaji 12 wanafuzu, kila mmoja anapata 2,000 kwa mwezi. Wale 8 wengine hawajafuzu, labda wana mshahara juu kidogo, labda hawana karatasi. Landilodi anasikia habari kwenye redio kama kila mtu. Januari anabandika karatasi getini: kodi sasa ni 7,500.

Wale 12 wamebaki na faida ya 500 kila mmoja. Wale 8 wanalipa 1,500 zaidi bila kupata chochote. Landilodi ameongeza 30,000 kwa mwezi. Serikali ilitoa 24,000.

Soma tena hiyo. Landilodi amepata kuliko kilichotolewa, kwa sababu alipandishia hata wasiosaidiwa. Na hao 8 ndio watakuwa wa kwanza kupiga simu redioni kulaani "watu wa serikali" wanaoishi mlango wa pili.

Je, ni lazima iwe hivyo? La. Kama ploti ya jirani ina vyumba 6 vitupu kwa 6,000, hawezi kupandisha, watu watahama na magodoro yao Jumamosi. Ana nguvu pale tu vyumba ni vichache. Ndiyo maana mjadala wa "kujenga au kulipia kodi" unanichosha. Msaada wa kodi mahali penye uhaba wa nyumba unageuka nyongeza ya landilodi, na kinachopunguza uhaba ni ujenzi, uwe wa serikali au wa watu binafsi. Lakini ujenzi nao hauwezi kumsaidia mtu anayefungiwa mlango wiki hii.

Upande wa hesabu, ili wenye kalkuleta msinilaumu. Kaya milioni moja zikipewa KSh 3,000 kwa mwezi ni bilioni 36 kwa mwaka, na mwaka ujao tena 36. Hakuna ukuta unaobaki. Upande wa pili, tuseme nyumba ya chumba kimoja inagharimu milioni moja kujenga. Milioni hiyo hiyo ingelipia kaya moja 3,000 kila mwezi kwa karibu miaka 28. Kila kambi inaweza kutumia hesabu hizi kukupigia debe, na kila kambi itaacha kukuambia kwamba baada ya miaka 28 hiyo 3,000 haitakuwa na nguvu ya kulipia hata nusu ya chumba.

Turudi nyumbani sasa, maana kuna mambo ya kwetu ambayo Uingereza haiwezi kutufundisha.

Mpango wa kulipa kodi unahitaji kujua wewe ni nani, unapata ngapi, unaishi wapi na unamlipa nani. Kwa mwenye peisilipu hilo si shida. Sheria ya 2024 inasema nyumba za kijamii ni za mwenye kipato chini ya KSh 20,000 kwa mwezi. Mama mboga atathibitishaje? Wiki hii 4,000, wiki ijayo mvua, 900. Kibarua wa mjengo je? Mkataba wa nyumba kwa wengi ni mdomo, na risiti ni ujumbe wa M-Pesa wenye jina la keateka, siyo la landilodi. Wanaohitaji zaidi ndio wenye karatasi chache zaidi. Ukiharakisha mpango bila kutatua hilo, utawalipia kodi makarani na kuwaacha mama mboga.

Halafu kuna KRA. Landilodi anayeingiza kati ya KSh 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutoka nyumba za kuishi anatakiwa kulipa ushuru wa 7.5% ya kodi anayopokea, tangu Januari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 10%. Sote tunajua wapo wasiolipa. Siku serikali itaanza kutuma pesa kwa nambari ya landilodi, siku hiyo hiyo KRA itakuwa na orodha yake. Wengine watakubali. Wengine watakuambia kwa upole kwamba chumba kimeshachukuliwa.

Uingereza hilo lilikuwa wazi kabisa. Matangazo ya nyumba yaliandikwa "No DSS", yaani wanaosaidiwa na serikali wasijisumbue. DSS ni kifupi cha wizara iliyovunjwa 2001, lakini maneno yalibaki kwenye matangazo miaka karibu 20 baadaye! Mpaka Julai 2020 ndipo mahakama moja ya mji wa York ilipoamua kwamba kumkataa mtu hivyo ni ubaguzi usio wa moja kwa moja, kwa kuwa wanaoumia zaidi ni wanawake na watu wenye ulemavu. Sheria mpya ya England ya 2025 nayo imekataza ubaguzi huo. Kwetu, landilodi akikukataa kwa sababu hiyo, utaenda ofisi gani?

La Kibera ndilo gumu kuliko yote. Sehemu kubwa ya ardhi ile ni ya serikali. Anayepokea kodi ni mwenye mabanda, wengi wao hawaishi pale, na hawana hati ya ardhi. Ukianzisha msaada wa kodi bila kufikiria, serikali itakuwa inamlipa mtu binafsi kodi ya banda lililosimama juu ya ardhi ya serikali yenyewe. Na ukisema mabanda hayahusiki, umewaondoa maskini wa mjini kwenye mpango wa maskini wa mjini.

Marekani wana jibu la nusu. Mpango wao wa vocha ulioanza 1974 unamtaka mpangaji atoe kama 30% ya kipato chake, serikali inajaza pengo, lakini nyumba lazima ikaguliwe kwanza: maji, umeme, paa, usalama. Landilodi akitaka hizo pesa atengeneze. Napenda hilo. Tatizo lao ni kwamba hawakutenga pesa za kutosha, kwa hiyo karibu kaya moja tu kati ya nne zinazostahili ndiyo inayosaidiwa. Wengine wako kwenye foleni kwa miaka. Haki ikigeuka bahati nasibu, aliyepata anashukuru mwanasiasa na aliyekosa anamlaumu jirani.

Mwenzetu mmoja huwa hakosi kuandika hapa kwamba "Wakenya walioko Uingereza wanalipiwa nyumba na serikali". Wengi wao hapana. Mtu aliyeko kule kwa viza ya kazi au ya masomo kwa kawaida visa yake ina sharti kwamba hawezi kutumia misaada ya umma, na msaada wa kodi umo. Nesi wetu yuko Leeds analipa kodi kamili na ushuru kamili. Tuache hiyo hadithi.

Je, sisi tumewahi kukaribia msaada wa kodi? Tumekaribia. Mei 2024, baada ya mafuriko, nyumba za kando ya mito Nairobi zilibomolewa, na serikali ikatangaza KSh 10,000 kwa kila kaya iliyohamishwa ili ikatafute pa kukaa. Fanya hesabu ya mpangaji: chumba cha 4,000, mwezi wa kwanza 4,000, dipoziti 4,000. Umebaki na 2,000 ya mkokoteni na chakula, na mwezi wa pili unakuja. Tena maelfu wanatafuta vyumba wiki hiyo hiyo, mitaa ile ile.

Maoni yangu, na mko huru kuyapinga: nikiulizwa tuanzie wapi, ningeanzia hapo. Msaada wa kodi wa miezi sita hadi kumi na miwili kwa waliobomolewa, waliounguliwa na moto, waliofukuzwa mabandani kupisha mradi. Wanajulikana, wanahesabika, na shida yao ina mwisho. Ungelipwa moja kwa moja kwa landilodi aliyekubali kukaguliwa na kutoa mkataba wa maandishi, kodi isiguswe muda wote huo. Tungejifunza bila kuchezea bilioni 36. Kuruka moja kwa moja hadi kulipia kodi taifa zima, huku ile tarakimu ya 2,500 bado imelala kwenye sheria na hakuna daftari la nani anapanga wapi kwa bei gani, mimi siwezi kuunga mkono hata ikisemwa na mgombea ninayempenda.

Anayesema "tujenge tu" naye asikwepe. Katiba, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha. Haisemi kila mtu atakayefikiwa na zamu yake mwaka 2040. Akiwa jukwaani, mwulizeni huyu anayekatwa 600 kila mwezi na kupanga Kayole ataishije kati ya leo na siku atakayopewa funguo.

Wale mnaoniuliza kuhusu kupandishiwa kodi bila notisi na kufungiwa mlango, hilo ni la uzi wa Alhamisi. Kwa sasa hifadhini jumbe zenu za M-Pesa za kodi, msizifute. Na mkilipa, andikeni namba ya chumba na mwezi.